Kutu Chini ya Rangi



Wale waliopita nyuma ya nyumba ya mapadre katika majuma haya matatu wameniona nikiwa nimevaa ovaroli kuukuu, vumbi la rangi limenijaa hadi kwenye nyusi, na tanki la pikipiki nimelipakata kama mtoto. Baadhi yao wameniuliza, kwa adabu, kama parokia imeishiwa fedha za kumlipa fundi. Nikajibu kwamba fedha ni kidogo kweli, lakini sababu si hiyo. Juma hili napenda kuieleza sababu yenyewe, na kwanza nitaanza na pikipiki.

Ni Honda XL 125, ya zamani kuliko upadre wangu. Mapadre walionitangulia waliiendesha kwenda vigangoni, na mimi mwenyewe niliiendesha mwaka 2012, nilipokuwa paroko msaidizi hapahapa, mwaka mmoja tangu nipewe daraja. Kisha nikahamishwa. Niliporudi, safari hii nikiwa paroko, niliikuta stoo, imeegemezwa ukutani nyuma ya magunia ya mkaa, matairi yamelala, kuku ametagia kwenye kiti. Fundi wa injini aliishughulikia siku mbili ikawaka. Akafuta mikono, akaniambia: "Baba Paroko, moyo ni mzima. Mwili ndio umekwisha."

Mwili ndio huo niliouchukua mimi: tanki la mafuta, vifuniko viwili vya ubavuni, na madigadi ya mbele na nyuma. Kijana mmoja jirani yetu, fundi wa bodi mjini, alikubali kuwa mwalimu wangu jioni akitoka kazini. Siku ya kwanza alinipa kanuni moja, ambayo nimeirudia kimoyomoyo mara nyingi: kupaka rangi ni kazi ya saa moja, kuandaa ni kazi ya juma zima.

Tulianza ndani ya tanki. Nilipofungua kifuniko na kumulika kwa tochi niliona kutu ya rangi ya ugoro imetanda kila mahali. Kijana akanieleza ilivyokuja. Tanki lililoachwa nusu huvuta hewa yenye unyevu. Usiku chuma kikipoa, unyevu ule hugeuka matone na kuteremka. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kabisa, karibu na koki, na huko hula chuma polepole bila mtu kuona. Nasi hapa Njombe, mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa baridi tunao mwingi. Laiti aliyeiegesha angelijaza tanki hadi juu, hewa isingalipata nafasi. Aliyeiegesha, kwa kumbukumbu zangu, ni mimi.

Dawa yake si ya gharama. Tulitia ndani konzi ya nati kuukuu na siki nyeupe kidogo, nami nikalitikisa tanki kama mpiga kayamba wa kwaya mpaka mabega yakauma. Kisha tukaijaza siki hadi shingoni, tukaiacha siku mbili. Tulipoimwaga ilitoka nyeusi kama kahawa. Tukasuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, tukasuuza tena kwa maji safi, na papo hapo tukalikausha kwa mashine ya kukaushia nywele tuliyoazima saluni, kwa maana chuma kitupu chenye maji hushika kutu upya kabla ya chakula cha mchana. Mwisho tukapitisha petroli iliyochanganywa na oili kidogo ili ukuta wa ndani ubaki na utando wa mafuta.

Asubuhi iliyofuata nilikuta tone sakafuni. Tanki lilikuwa linavuja mahali ambapo halikuwahi kuvuja. Nililalamika kwamba siki yetu imelitoboa. Kijana akacheka: tundu lilikuwapo siku zote, na kutu ndiyo iliyokuwa imeliziba.

Hapa naomba niseme neno kwa vijana wenye bodaboda, maana ni jambo la uhai. Msimpelekee mchomeleaji tanki kwa kudhani kwamba kwa kuwa halina mafuta halina hatari. Tanki tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake umebaki mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, nao ndio unaolipuka. Fundi tuliyemwendea alikataa hata kuligusa mpaka lioshwe mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni, likae wazi, kisha lijazwe maji karibu na tundu. Ndipo akaliziba kwa lehemu, kwa chuma alichokipasha moto mbali na tanki. Nilimheshimu kwa kukataa kwake kuliko kwa ufundi wake.

Baada ya hapo tukageukia nje. Juu kabisa kulikuwa na rangi ya bluu. Nilipoisugua kwa msasa wa namba 80, chini yake ikatokea kijani, na chini ya kijani nyekundu ya kiwandani, ambayo hata baada ya miaka hiyo yote ilikuwa imeshika chuma kuliko zote mbili. Nikaendelea kusugua kuelekea upande wa kulia, na hapo msasa ukaanza kutoa vumbi la rangi nyingine, la kijivu kama unga wa ulezi. Ilikuwa puti. Nilijua iko hapo. Nilijua hata mwaka wake.

Mwezi wa Aprili 2012 nilikuwa nimempakia katekista wa kigango kimojawapo, mtu ambaye sote tunamwita Mwalimu. Tulikuwa tumechelewa maziko. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na anayezijua barabara zetu za udongo mwekundu anajua utelezi wake. Kabla ya mteremko Mwalimu alinigusa bega akasema, "Padre, polepole." Chini kidogo akasema tena. Mimi nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, nilikuwa padre mpya, na sikupenda kuambiwa mara mbili. Nikaongeza mafuta. Kwenye kona gurudumu la nyuma lilikimbia, tukaanguka. Tanki likagonga jiwe na kubonyea, na pikipiki ikamlalia Mwalimu. Mimi niliondoka na michubuko. Yeye alivunjika nyonga, akalala hospitalini majuma mengi, na tangu siku ile anachechemea.

Dominika iliyofuata nilisimama mbele ya waamini nikawaeleza kwamba barabara ilikuwa mbaya, kwamba ilikuwa ajali kama ajali nyingine, na kwamba tumwombee Mwalimu. Kila sentensi niliyoisema ilikuwa ya kweli, na zote kwa pamoja zilikuwa uongo. Watu waliniombea mimi pia, wakanipa pole. Nikazipokea.

Kipaimara kilikuwa kinakaribia na Baba Askofu alikuwa anakuja. Sikutaka pikipiki ionekane uani ikiwa na kovu lile. Nilimwita fundi, nikampa mchana mmoja tu, nikamsimamia ili asikawie. Akaniomba siku tatu, nikamkatalia. Basi, alijaza puti juu ya rangi iliyokuwapo, akasawazisha, akapaka bluu juu ya tanki zima. Siku ya Kipaimara ilimetameta. Hakuna aliyeuliza kitu.

Sasa, miaka mingi baadaye, nilisukuma kisu cha puti pembeni mwa doa lile la kijivu, na bonge zima likabanduka kwa mara moja, kubwa kama kiganja, kama ukoko wa ugali unavyobanduka kwenye sufuria. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa. Nilikaa nalo mkononi kitambo.

Kijana alinieleza kosa lilikuwa wapi, naye hakujua kwamba ananieleza habari zangu. Puti haishiki juu ya rangi wala juu ya kutu. Hushika chuma kilichokwaruzwa kikawa safi. Tena puti hunywa maji. Ikipata ufa mdogo tu kwenye rangi, unyevu huingia, nayo huushikilia ukutani mwa chuma kama kitambaa kibichi. Ndiyo maana mahali palipofunikwa vibaya huoza upesi kuliko mahali palipoachwa wazi, kwa kuwa palipo wazi angalau hupigwa na jua.

Tukafanya kama ilivyopasa kufanywa mwanzoni. Nilikwaruza hadi chuma king'ae chote, pamoja na kingo pana kuzunguka bonde. Kwa donge la puti lenye ukubwa wa ndimu ulitia hadena kama punje ya kunde. Ukizidisha hupasuka, ukipunguza haikauki kamwe. Una dakika chache tu kabla haijaganda, kwa hiyo changanya kidogo. Paka tabaka nyembamba, ngoja, paka tena. Bonde likiwa refu sana, livute chuma kwanza, maana puti ni ya kusawazisha, haikuumbwa kuchukua nafasi ya chuma. Kisha msasa wa 80, wa 180, wa 320, ukiuzungushia kipande cha ubao ili vidole visichimbe mifereji. Na msasa wa maji uache mpaka praima iwe juu, kwa sababu ile ile ya puti kunywa maji.

Kijana alinifundisha pia kufumba macho. Jicho hudanganywa na vumbi na mwanga, lakini kiganja kikipitishwa taratibu huhisi bonde dogo lisilozidi unene wa karatasi. Kwa siku nne nilidhani nimemaliza, na kwa siku nne kiganja kilinikatalia.

Vifuniko vya ubavuni na madigadi vilikuwa na masharti yao. Plastiki si moja. Ukidondosha tone la asetoni upande wa ndani usioonekana, plastiki ya aina moja huanza kuwa laini na kunata. Hiyo unaweza kuyeyusha vipande vyake katika asetoni ukapata uji mzito wa kuunganishia nyufa. Vifuniko vyetu vilikuwa vya namna hiyo. Madigadi hayakujali asetoni hata kidogo. Hayo hayashiki gundi, hata rangi huambuka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Tulitoboa tundu dogo mwishoni mwa kila ufa ili usiendelee kutambaa, kisha tukampelekea fundi viatu pale sokoni, naye akayashona kwa uzi wa nailoni kama anavyoshona soli. Hatukuyapaka rangi. Yamesuguliwa, yameoshwa, na mshono unaonekana.

Ilikuwa alasiri ya Alhamisi, nikiwa bado na msasa wa 320 mkononi, Mwalimu alipoingia uani kwa fimbo yake. Alikuwa amekuja kuleta majina ya wakatekumeni. Nikampa shikamoo, nikamletea kiti. Akalitazama tanki, akaweka fimbo chini, akanyosha mkono na kupitisha kiganja mahali pale hasa. Akasema, "Hapa ndipo lilipogonga."

Nilikuwa nimekwisha kujitungia maneno ya siku kama hiyo, mazuri, yenye mpangilio. Hayakuja. Nilimwambia tu: "Mwalimu, ulinionya mara mbili. Sikukusikiliza, tena niliongeza mwendo. Nami niliwaambia watu kwamba ni barabara. Nisamehe."

Hakujibu mara moja. Aliendelea kulipapasa tanki. Kisha akasema: "Padre, mimi nilikuwa nyuma yako. Nilijua. Nami nilinyamaza, kwa sababu nilijiambia kwamba padre kijana akichafuliwa jina mwaka wake wa kwanza hatainuka. Labda nilikosea. Mama watoto alilima shamba la viazi peke yake misimu mingi, na watu wakimwuliza alisema ni mapenzi ya Mungu. Hilo ndilo lililoniuma. Barabara ningeivumilia."

Sikuwa nimefikiri habari za mama huyo hata siku moja. Nilikuwa nimehesabu nyonga moja iliyovunjika, na nilidhani hesabu imekamilika.

Akaniambia amenisamehe, na kwamba alikuwa amenisamehe zamani, ila alikuwa akingoja niombe. Kisha akauliza kama puti imekauka, maana alitaka kusaidia kusugua. Tulisugua pamoja mpaka giza lilipoingia, tukizungumza juu ya bei ya mbolea.

Siku ya rangi haikwenda vyema. Nilikuwa na haraka tena, nanyi mtacheka. Ilikuwa asubuhi ya mwezi Juni, ukungu haujaondoka, nami nilitaka kumaliza kabla ya kikao. Nilipuliza ile nyekundu, na ndani ya dakika chache ikafifia na kuwa nyeupenyeupe kama kioo kilichopumuliwa. Thina inaporuka hukipoza chuma, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, unyevu huo hutua juu ya rangi mbichi. Tukaacha ikauke, tukasugua yote kwa msasa wa maji wa 600, tukangoja siku mbili mpaka jua likapatikana saa sita mchana. Safari hii tulipuliza tabaka nyembamba, kila moja ikingoja robo saa. La kwanza halifuniki kitu. Lenyewe linashika tu ili la pili lipate pa kukaa.

Tabaka la mwisho, lile angavu, sikulipuliza mimi. Rangi ya kawaida ya thina huharibiwa na tone moja la petroli linaloteremka kwenye shingo ya tanki, kwa hiyo hapo inafaa ile inayochanganywa na hadena. Lakini hadena hiyo ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo barakoa ya kitambaa haizuii, nazo zaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Tulimpelekea fundi mwenye chumba cha kupulizia na vifaa vya kujikinga. Mwenye kupaka rangi nyumbani ajue mahali pa kuishia.

Tanki limerudi, nalo ni jekundu. Ukilitazama kwa pembeni jua linapotua, utaona upande wa kulia mwanga unapinda kidogo sana. Kijana alitaka tulirudie. Nikamwambia panatosha.

Dominika iliyopita, baada ya matangazo, wale waliokuwapo walinisikia nikiyasema haya nikiwa nimesimama mahali pale pale niliposimama mwaka 2012. Nimeyaandika hapa kwa ruhusa ya Mwalimu na ya mkewe, kwa ajili ya wale waliohama ambao wangali wanaamini kwamba ilikuwa barabara. Lililosemwa hadharani halisahihishwi chumbani. Gharama za Mwalimu kwenda kuonwa na daktari wa mifupa nitazilipa mimi mwenyewe, na mfuko wa parokia hautaguswa. Mkewe nilimwendea nyumbani Jumanne. Hakusema maneno mengi. Alinipa kiti, na tulipoagana alinipa debe la viazi, nikashindwa kujua nifanye nini nalo, nikalipokea.

Ndugu wapendwa, pengine wengi wetu tuna mahali palipopakwa bluu kwa haraka kabla ya mgeni kufika. Mimi nilidhani kwamba miaka ikipita, jambo hupona lenyewe. Tanki hili limenionyesha kwamba miaka ilikuwa inafanya kazi, ila kwa upande wa kutu.

Jumamosi ijayo nitakwenda kwenye kigango kile kile kwa pikipiki hii. Nilimwalika Mwalimu twende pamoja. Akaitazama kwa makini, akasifu rangi, akasema imependeza mno, na kwamba yeye atanifuata kwa bajaji.

Nawatakieni Dominika njema. Msiache kuniombea, nami nitaendesha polepole.

Paroko wenu